Kuonja na Kupika Kahawa ya Chimbuko Moja Nyumbani: Mwongozo Kamili

Miongozo mingi ya kahawa huanza na kifaa: birika gani linunuliwe, koni gani ya kuchujia, mashine gani. Mwongozo huu unaanza na ulimi, kwa sababu mtu asiyeweza kutofautisha kahawa iliyopikwa pungufu na kahawa iliyopikwa kupita kiasi hatafaidika na kifaa chochote, hata kiwe cha bei gani, ilhali anayeweza kutofautisha atapata kikombe kizuri kwa sufuria na kichujio cha chai. Kwa hiyo tutachagua kahawa kwanza, tutaandaa maji na unga, tutaonja mezani kwa glasi na kijiko tu, na baada ya hapo ndipo tutakapopika.

Kuchagua kahawa

Kahawa ya chimbuko moja ni ile isiyochanganywa na kahawa ya mahali pengine. Ugumu uko kwenye neno "mahali". Kwa muuzaji mmoja mahali ni nchi nzima, kwa mwingine ni mkoa, na kwa mwingine ni chama kimoja cha msingi cha ushirika au shamba moja. Pakiti iliyoandikwa "Kahawa ya Tanzania" haijamwambia mnunuzi mengi, kwa kuwa Tarime iliyo jirani na mpaka wa Kenya na Mbinga iliyo upande wa Ziwa Nyasa hazifanani kwa mvua wala kwa udongo, na kati ya aina mbili kuu za kahawa, Kagera hulima zaidi robusta ilhali Kilimanjaro, Arusha, Mbozi na Mbinga hulima arabika. Huko Japani, ambako kahawa yetu ina wapenzi wengi, jina "Kilimanjaro" limezoeleka kubandikwa kwenye arabika ya Tanzania kwa ujumla, hata ile iliyovunwa mamia ya kilomita kutoka kwenye mlima wenyewe. Kadiri anwani ya pakiti inavyokuwa finyu, ndivyo utakavyokuwa na hakika zaidi kwamba ladha utakayoikuta kinywani ni ya mahali fulani.

Baada ya mahali, tafuta namna kahawa ilivyosindikwa. Katika kahawa iliyooshwa, matunda mekundu humenywa mara baada ya kuvunwa, punje huachwa zichachuke kwa siku moja hadi tatu ili ute unaozizunguka ulegee, kisha huoshwa na kuanikwa juu ya vichanja mpaka zibaki na unyevu wa asilimia 11 hadi 12 hivi. Hiyo ndiyo kahawa ya ngozi, ambayo baadaye hukobolewa na kupelekwa mnadani. Njia nyingine ni kulikausha tunda zima likiwa na ganda lake, kama inavyofanyika sana Kagera, ambako huitwa kahawa ya maganda. Nchini Kenya kahawa iliyokaushwa hivyo huitwa mbuni. Iliyooshwa vizuri huwa na ladha iliyo wazi, yenye uchachu unaotambulika na mwisho safi. Iliyokaushwa na ganda huwa nzito, yenye ladha ya matunda yaliyoiva mno, tende au zabibu kavu, na isipogeuzwageuzwa juani ipasavyo huishia kunuka uvundo. Anayeanza kujifunza kuonja na aanze na iliyooshwa, kwa kuwa kasoro zake na sifa zake huonekana upesi.

Aina ya mbuni, yaani mti wenyewe wa kahawa, ni taarifa ya tatu, nayo huandikwa mara chache. Mibuni mingi ya zamani ya Kilimanjaro ina asili ya Bourbon na Kent; mibuni mipya imetokana na kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania iliyoko Lyamungo, iliyolenga hasa kuukinga mmea dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Kwenye pakiti za Kenya utakutana na majina SL28 na SL34, yanayosifiwa kwa uchachu mkali wenye utamu, pamoja na Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na Batian iliyofuata mwaka 2010.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja. Herufi AA, AB na PB, ambazo wauzaji huzichapa kwa wino wa dhahabu, si alama za utamu. AA ni punje kubwa zilizobaki juu ya chekeche, AB ni zilizofuata, na PB ni punje ya mviringo inayopatikana pale ambapo tunda, badala ya kubeba punje mbili zilizobanana kwa upande bapa kama kawaida, limekuza moja tu. Ukubwa unaolingana humsaidia mkaangaji kukaanga sawasawa, na faida yake kubwa ni hiyo. Mimi nikiwa na pesa ya kununua AA isiyo na tarehe au AB iliyokaangwa juzi, sifikirii mara mbili.

Tarehe ninayoizungumzia ni ya kukaangwa, si ya kuisha muda. Kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa hewa ya ukaa kwa wingi, na hewa hiyo huzuia maji kuingia kwenye unga; ndiyo maana siku mbili tatu za mwanzo kikombe huwa na povu jingi na ladha iliyofunga. Iache ipumzike wiki moja, kisha uitumie katika wiki nne au tano zinazofuata. Nunua punje nzima, gramu 250 kwa mara moja, zenye rangi ya hudhurungi na uso mkavu. Punje nyeusi zinazong'aa mafuta zimekaangwa mpaka ladha ya moto ikafunika ladha ya shamba, na hapo hakuna tena sababu ya kulipia jina la kijiji. Zihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, kabatini, mbali na jiko na mbali na iliki. Wakazi wa pwani wasiziweke kwenye friji, kwani kila chombo kinapotolewa na kufunguliwa, unyevu wa hewa huganda juu ya punje baridi.

Maji na urefu wa mahali unapoishi

Zaidi ya asilimia 98 ya kikombe cha kahawa ni maji, kwa hiyo maji yenye chumvi hutoa kahawa yenye chumvi. Wanaotegemea visima vya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wanalijua hili kwenye chai, na kwenye kahawa huwa wazi zaidi. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yaachwe kwenye chombo kilicho wazi usiku kucha au yapitishwe kwenye chujio la mkaa. Ukitumia maji ya chupa, soma kibandiko: jumla ya madini yaliyoyeyuka ikiwa kati ya miligramu 75 na 250 kwa lita inafaa, na karibu na 150 ndiyo bora. Maji ya mvua ni safi lakini yana madini machache mno, na kahawa yake hupooza. Yachanganye nusu kwa nusu na maji ya chupa.

Kuhusu joto, ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuchemsha maji kisha kuyaacha yapoe kwa nusu dakika au zaidi. Ushauri huo uliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100 za Selsiasi pwani, lakini kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Moshi mjini maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na Nairobi au Mbeya kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa kuwa kahawa inahitaji maji ya nyuzi 90 hadi 96, mtu wa Dar es Salaam anaweza kusubiri kidogo, ila mtu wa Mbeya anatakiwa kumimina birika likiwa bado linatokota. Nililijifunza hili kwa aibu. Nilipohamia Mbeya kutoka pwani, kahawa niliyoizoea ikageuka chachu na nyembamba, nami nikamlaumu mkaangaji kwa wiki mbili nzima kabla ya kugundua kwamba niliendelea kuyaacha maji yapoe dakika moja, mazoea niliyotoka nayo Dar es Salaam.

Kusaga na kupima

Kifaa cha kwanza cha kununua ni mizani ndogo ya jikoni inayopima kwa gramu. Kijiko hudanganya: kahawa iliyokaangwa sana hupoteza uzito na kuvimba, kwa hiyo kijiko kilekile hubeba gramu chache za kahawa nyeusi na gramu nyingi zaidi za kahawa ya hudhurungi. Mizani hiyohiyo hupima maji pia, kwani mililita moja ya maji ni gramu moja.

Kifaa cha pili ni cha kusagia, na hapo ndipo pesa ielekezwe kabla ya koni au birika la shingo ndefu. Kisagio cha mkono chenye meno yanayorekebishika huvunja punje kwa ukubwa unaokaribiana. Mashine ya visu, kama ile ya kusagia viungo, hukata ovyo, ikaacha vumbi na mabonge pamoja: vumbi likatoa uchungu, mabonge yakatoa uchachu, na vyote viwili vikakutana katika kikombe kimoja. Ikiwa ndiyo uliyonayo, saga kwa kubonyeza na kuachia, tikisa kila mara, kisha pepeta unga kwenye kichujio laini cha chai ili vumbi lianguke. Kinu na mchi vinafaa kwa kahawa ya dele, lile birika la shaba la barazani, ambayo tutaifikia.

Kabla ya kusaga, mwaga punje kwenye sahani nyeupe uzitazame. Zile zilizopauka, zenye rangi ya karanga katikati ya wenzao wa hudhurungi, zilitoka kwenye matunda yaliyochumwa kabla ya kuiva. Hazina sukari ya kutosha kuiva kikaangoni na ladha yake ni ya karatasi na karanga mbichi. Ziondoe. Tatu au nne tu hutosha kuharibu kikombe, na kazi yenyewe haichukui dakika.

Meza ya kuonja

Waonjaji wa mnadani, wawe Moshi au Nairobi, hawatumii koni wala mashine. Humwaga maji ya moto juu ya unga kwenye bakuli na kuonja kwa kijiko, ili kahawa zote zitendewe sawa na tofauti itakayoonekana iwe ya kahawa zenyewe. Nyumbani fanya vivyo hivyo, na usionje kahawa moja peke yake. Ulimi hauna kumbukumbu nzuri ila ni hodari wa kulinganisha. Tafuta kahawa mbili zilizo mbali, kwa mfano ya Kilimanjaro iliyooshwa na ya Nyeri iliyooshwa, au arabika ya Mbinga na robusta ya Karagwe.

Andaa glasi nne zinazofanana, mbili kwa kila kahawa. Kipimo cha waonjaji ni gramu 8.25 kwa mililita 150, sawa na gramu 11 kwa glasi ya mililita 200. Saga kila glasi peke yake badala ya kusaga gramu 22 kwa pamoja na kuzigawa. Sababu ni hii: kahawa za Rwanda na Burundi, ambazo zikiwa safi ni miongoni mwa tamu kuliko zote, zina kasoro inayojulikana kama ladha ya viazi, inayohusishwa na mdudu anayefyonza matunda ya mbuni. Punje moja iliyoathirika hutoa harufu ya viazi vibichi vilivyomenywa sasa hivi. Ukisaga kwa pamoja, punje hiyo itachafua glasi zote. Ukisaga mbalimbali, itachafua moja, na utaelewa kwamba tatizo ni la punje na si la kahawa yote.

Unga uwe mkubwa kiasi, kama mchanga wa mtoni. Nusa kwanza unga mkavu, ukiweka pua karibu na glasi, na uandike neno la kwanza linalokujia kabla akili haijaanza kutafuta neno la kupendeza. Kisha mimina maji ya moto hadi ujazo uliopangwa, anza kuhesabu muda, na usikoroge. Unga utapanda juu na kufanya ukoko. Dakika nne zikifika, weka pua juu ya glasi na uvunje ukoko kwa kijiko, ukisukuma mara tatu kutoka kwako kwenda mbele. Hapo harufu hutoka kwa nguvu kuliko wakati wowote mwingine, na ukichelewa imekwenda. Suuza kijiko kwenye maji ya moto kabla ya kwenda glasi inayofuata. Ondoa povu na makapi yanayoelea kwa vijiko viwili, kisha subiri. Usionje kabla ya dakika ya kumi, kwa kuwa ulimi uliounguzwa haukwambii chochote.

Sasa chota nusu kijiko na uvute kwa nguvu, ili kahawa itawanyike kinywani kama manyunyu na harufu yake ipande puani kwa nyuma ya koo. Sote tulilelewa tukikatazwa kunywa kwa kelele mbele za watu. Hapa kelele ndiyo kazi yenyewe, na wageni watazoea.

Kikwazo kikubwa cha mwonjaji anayezungumza Kiswahili ni neno "uchungu", tunalolitumia kwa kahawa yoyote isiyo na sukari. Litenge katika sehemu tatu. Uchachu ni wa ukwaju, limau na embe kali: huuma ulimi na kuleta mate. Uchungu ni wa mwarobaini: hukawia kinywani. Ukakasi si ladha bali ni hisia, ile ya bibo la mkorosho au ndizi mbichi, inayokausha ulimi na kuufanya uwe kama umepakwa chaki. Kwa kuanzia, weka mezani vikombe vitatu vya mazoezi: maji yenye ukwaju kidogo, maji yaliyolowekwa jani moja la mwarobaini, na chai ya rangi iliyokaa na majani yake nusu saa. Uvionje kwa zamu mpaka uweze kuvitaja ukiwa umefumba macho. Zoezi hili la dakika kumi limewasaidia wageni wangu kuliko maelezo yangu yote.

Ukishatenganisha hayo, jiulize maswali kwa mfuatano. Je, uchachu upo, na ni wa tunda gani: chungwa, chenza, pesheni, ukwaju? Je, nyuma yake kuna utamu, na ni wa asali, wa sukari guru au wa muwa? Kahawa ina uzito gani kinywani: wa chai ya rangi au wa maziwa? Ukishameza, kinachobaki kinapendeza, na kinakaa muda gani? Usijilazimishe kuona "matunda ya msituni" yaliyoandikwa kwenye pakiti na mtu ambaye huenda alikula matunda usiyowahi kuyaona. Katika kahawa za Nyeri mimi hupata zambarau na wakati mwingine nyanya iliyoiva sana; katika iliyooshwa ya Kilimanjaro hupata mara nyingi chenza, sukari guru na mwisho unaofanana na chai. Hayo ni maneno ya jikoni kwangu, nawe utakuwa na yako.

Rudi kwenye glasi zilezile zikiwa vuguvugu, na tena zikiwa zimepoa kabisa, nusu saa baadaye. Joto huficha mengi. Kahawa nzuri huongeza utamu na uchachu wake hupata umbo kadiri inavyopoa. Kahawa yenye kasoro huanza kunuka gunia, udongo au moshi. Nikishindwa kuamua kati ya pakiti mbili, hukumu yangu huitegemea glasi iliyopoa.

Mwisho wa zoezi, jipime. Mwambie mtu wa nyumbani apange glasi tatu, mbili za kahawa moja na ya tatu ya kahawa nyingine, bila kukuonyesha, nawe utafute iliyo tofauti. Ukibahatisha utapata mara moja kati ya tatu. Ukifaulu mara tano mfululizo, ulimi wako uko tayari kuongoza kazi ya kupika.

Kupika kwa koni ya kichujio

Koni yenye kichujio cha karatasi ndiyo inayoitendea haki kahawa iliyooshwa, kwa kuwa karatasi huzuia mafuta na vumbi, na kikombe hubaki safi kama kilivyokuwa mezani. Koni ya plastiki ni ya bei ndogo na hutunza joto vizuri kuliko ya kauri isiyopashwa moto, kwa hiyo asikuaibishe mtu.

Weka karatasi kwenye koni, imwagie maji ya moto ili harufu ya karatasi iondoke na chombo kipate joto, kisha umwage maji hayo. Weka gramu 15 za unga uliosagwa kama sukari ya kawaida ya mezani, tikisa koni ili uso uwe bapa, weka vyote juu ya mizani na urudishe mizani kwenye sifuri. Lengo ni gramu 250 za maji, sawa na gramu 60 za kahawa kwa lita.

Anza kuhesabu muda na umimine gramu 45 za maji, ukihakikisha hakuna unga uliobaki mkavu. Kahawa iliyo hai itavimba na kutoa mapovu. Iliyochakaa italala kimya, na hapo utajua umri wake hata kama pakiti haikusema. Sekunde 40 zikipita, mimina polepole kwa mzunguko, kuanzia katikati kwenda nje, hadi mizani isome gramu 150 kwenye dakika moja na robo. Maji yakishuka kidogo, mimina tena hadi 250, ukimaliza kabla ya dakika mbili. Zungusha koni mara moja kwa upole ili unga uliopanda ukutani ushuke. Maji yaishe kuchuruzika kati ya dakika mbili na sekunde 45 na dakika tatu na robo. Koroga kahawa kabla ya kumimina, kwa sababu ya chini ni nzito kuliko ya juu, na onja bila sukari angalau mafunda matatu ya mwanzo. Baada ya hapo sukari ni haki yako.

Kurekebisha

Maji huyeyusha vitu vya kahawa kwa zamu. Vichachu hutoka upesi, utamu hufuata, na vyenye uchungu na ukakasi hutoka mwishoni. Wataalamu hulenga kuyeyusha asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa unga. Chini ya hapo kahawa huwa chachu, yenye chumvichumvi na mwisho mfupi, na juu ya hapo huwa chungu na kukausha ulimi.

Ukikuta uchachu unaouma usio na utamu nyuma yake, saga laini zaidi kidogo, na kwa kawaida kahawa itachelewa kuchuruzika kwa sekunde 15 au 20. Ukikuta uchungu na ukakasi, saga kubwa zaidi. Kahawa isipokuwa chachu wala chungu ila ni nyepesi tu, hapo ndipo uongeze unga, gramu moja kwa mara moja. Kosa ninaloliona zaidi ni la kuongeza unga kila mambo yanapoharibika: kahawa iliyokuwa chachu huongezewa unga ikawa chachu na nzito, mwenyewe akakata tamaa na kuhukumu kwamba kahawa za chimbuko moja ni kali. Kuna pia kikombe chenye uchachu na uchungu kwa pamoja, ambacho hakirekebishiki kwa kusogeza kipimo cha kusagia huku na kule. Hicho husababishwa na unga usiolingana au maji yaliyopita upande mmoja wa koni, na dawa yake ni kupepeta vumbi na kumimina kwa utulivu zaidi.

Badilisha kitu kimoja tu kila siku, na uandike kwenye daftari: jina la kahawa, tarehe ya kukaangwa, gramu, alama ya kisagio, muda, na maneno mawili ya ladha. Pakiti ya gramu 250 hutoa vikombe 16, na kwa uzoefu wangu vinne au vitano vya kwanza ndivyo vya kutafutia njia.

Plunja na sufuria

Birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma, ambalo wengi huliita plunja, linataka gramu 30 kwa mililita 500 na unga wa ukubwa ule wa kuonjea. Mimina maji yote, subiri dakika nne, vunja ukoko, ondoa povu kwa kijiko, subiri dakika nyingine tano, kisha shusha kichujio mpaka kiguse tu uso wa kahawa na umimine bila kukandamiza. Kukandamiza hadi chini ndiko kunakoleta matope kikombeni.

Asiye na plunja afanye hivyohivyo kwa sufuria iliyoepuliwa jikoni, akiifunika ili joto lisipotee, na kuchuja mwishoni kwa kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa bila sabuni. Moto urudishwe tu kupasha, kamwe usichemshe unga.

Robusta ya Kagera na dele

Kanuni hiyo ya kutochemsha ina mahali isipohusika. Kahawa chungu ya barazani, Unguja, Mombasa au Lamu, hukaangwa sana, hutwangwa au kusagwa laini, huchemshwa, na kuwekwa juu ya makaa kwenye dele la shaba, kisha hunywewa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata ikiwa pembeni. Pale uchungu umekusudiwa, na utamu wa kashata umewekwa kuukabili. Kumwaga arabika ya Kilimanjaro iliyokaangwa hudhurungi ndani ya dele ni kuipoteza, kwani uchachu wake ukichemshwa huwa mkali usio na faida.

Robusta ya Kagera ndiyo inayolifaa dele. Mmea huo umekaa na Wahaya kwa muda mrefu kuliko arabika ilivyokaa Kilimanjaro. Matunda yake yalichemshwa na majani ya kunukia, yakakaushwa, yakatafunwa na kukaribishiwa wageni kwa jina la akamwani, zamani kabla ya mtu yeyote kufikiria kuisafirisha. Ina kafeini karibu maradufu ya arabika, uchachu mdogo na uzito mkubwa. Ionje kwanza mezani kwa gramu 11 zilezile, ukitafuta ladha ya karanga zilizokaangwa, kakao au shayiri, na uikatae ikinuka mpira ulioungua.

Kwa dele, saga au twanga gramu 40 laini kwa lita moja ya maji. Chemsha maji, tia unga, yaache yachemke kwa moto mdogo dakika tano, kisha tia kipande cha tangawizi iliyopondwa ukubwa wa kidole gumba na dakika mbili baadaye uepue. Iache itulie mpaka unga ushuke chini, uimimine taratibu kwenye dele lililosuuzwa kwa maji ya moto, uliweke juu ya makaa hafifu yasiyoweza kuichemsha tena, na ujaze kila kikombe nusu tu, maana cha pili kitaombwa kabla cha kwanza hakijapoa.